Bomba la Kelele

Nyumbani, Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Naelijwa,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kumuaga shangazi yako ng'ambo ya bonde, na najua mtakawia. Shangazi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajala, akishakulisha ataanza kukuombea, na akishamaliza kuomba atakumbuka jambo jingine. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa mezani na daftari lako la kidato cha nne, nimechana karatasi za mwisho ambazo hukuziandika. Mimi ni mtu wa spana, kalamu inaniteleza vidoleni, basi usiucheke mwandiko wangu.

Kama unadhani nakuandikia habari za blanketi, na tiketi, na kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako pale stesheni ya Same, mama yako ameyasema hayo wiki nzima mpaka kuku wa nyumba hii wanayajua. Sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nimelikalia miaka kumi, na naliandika hapa mwanzoni kabla sijaanza kulizungusha, maana najijua.

Ile siku maji yalipoingia kwenye mbegu za kijiji, wewe hukuziba bomba. Niliziba mimi.

Nimeweka kalamu chini, nikaenda uani kunywa maji, nimerudi. Sasa nieleze vizuri, ujue ilikuwaje, kwa sababu ulikuwa mtoto wa miaka tisa na ulichokijua wewe ni kile nilichokuambia mimi.

Lile tangi la samaki lilitoka bondeni. Ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako nilipokuwa fundi bomba kwenye shamba la mkonge, upande wa Makanya, pamoja na watu waliokuja kukata mkonge kutoka Songea na Kigoma na huko kwingine. Meneja alikuwa Mgiriki, na mkewe alisumbuliwa na kichwa. Sebuleni kwao kulikuwa na tangi la vioo, samaki ndani, maji yanaingia juu kwa bomba dogo na yakizidi yanatoka kwa bomba jingine. Hilo la kutolea maji lilikuwa linapiga mbweu. Kila maji yalipoteremka yaliburuta hewa, na hewa ikitafuta njia inaguna, inabwabwaja, kama mzee aliyeshiba makande. Mama meneja akasema ama bomba linyamaze, ama samaki watupwe.

Nilihangaika nalo wiki mbili. Nililivisha matambara, nikabadilisha kiwiko, nikalikata, nikaliunga tena, na lenyewe linaguna tu. Mwisho nikaelewa kwamba inayopiga kelele ni hewa. Ukiweka koki chini ya bomba na kuibana kidogo kidogo, bomba lote linajaa maji, hewa haina pa kupita, na maji yanashuka kimya mpaka unadhani yamesimama. Ila koki huwezi kuibana ikalingana kabisa na maji yanayoingia. Leo yanazidi kidogo, kesho yanapungua. Basi nikasimamisha bomba la pili kando ya la kwanza, mdomo wake umezidi juu kwa upana wa kidole. Lile la pili linapokea kile kidogo kinachozidi, linadondosha tiri, tiri, sauti ndogo ambayo hata mama meneja aliizoea. Na siku la kwanza likipata kizuizi, la pili linabeba maji yote na linaguna mpaka nyumba nzima inasikia. La kwanza tuliliita la kazi, la pili la kelele. Niliwafundisha vijana wawili pale shambani, na wote niliwaambia maneno yale yale: la kelele usiliguse, hata likikuudhi namna gani.

Azimio la Arusha lilipotoka na mashamba yakawa ya serikali, Mgiriki alifunga virago. Aliniachia tangi. Tulilipandisha huku mlimani watu wanne, limefungwa kwa magunia, tunapumzika kila kona, na watu wanatoka majumbani kuuliza ni jeneza la nani. Nikaliweka sebuleni, nikavuta bomba la nusu inchi kutoka mferejini juu ya nyumba, maji yakaingia yenyewe kwa mteremko na kutoka kwenda kwenye migomba. Nikaleta perege wadogo kutoka bwawa la misheni. Niliwaambia watu nimelijenga kwa ajili yako. Ukweli ni kwamba nilitaka wapitaji wachungulie mlangoni waseme, huyu fundi ni fundi kweli. Wewe ndiye uliyewapenda samaki wale kwa dhati. Ulikuwa unawakatia majani ya mchicha vipande vidogo kama unamlisha mtoto mchanga, na ulikuwa na jina la kila mmoja.

Kijiji chetu kilikuwa ndiyo kwanza kimeandikishwa kuwa cha ujamaa. Ghala lilikuwa bado msingi tu. Mkutano ukaamua mbegu za shamba la kijiji zikae kwangu, chumba cha pili, kwa kuwa nyumba yangu ilikuwa na bati na sakafu ya saruji. Wakaleta na mbao za kuinulia magunia yasiguse chini. Sasa nakuambia jambo ambalo hata mama yako sikumwambia mpaka juzi: mbao zile nilizichukua. Tangi likijaa maji ni zito, meza yangu ilikuwa inalia, nikachukua mbao za kijiji nikatengenezea kichanja cha tangi. Magunia nikayalaza kwenye saruji. Nilijiambia ni kwa muda mfupi tu, nitapasua mbao zangu mwenyewe, na sikupasua.

Halafu ikaja ile sauti. Hapa ndipo utanicheka, au utanikasirikia, sijui.

Babu yako, baba yangu, alikuwa mtunza ndiva. Unaijua ndiva yetu pale juu, umekaa kandokando yake kuliko mtu yeyote wa kijiji hiki. Maji ya mfereji yanaingia yanakusanyika, tundu limezibwa, na asubuhi linafunguliwa watu wamwagilie kwa zamu. Mtunza ndiva hapimi maji kwa macho. Anasikiliza. Akisikia tiri, tiri, mahali ambapo hapatakiwi sauti, anajua maji ya watu yanapotea, na hapumziki mpaka amelipata tundu na kuliziba kwa kipande cha mgomba na udongo. Nimelelewa hivyo. Baba alikuwa akiweka mkono sikioni tu, mimi nimekwisha kukimbia kukata mgomba. Kwenye nyumba ya Mgiriki sauti ile haikunisumbua, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya Mgiriki. Lakini ndani ya nyumba yangu mwenyewe, maji ya mfereji wetu yanadondoka tiri, tiri, mchana kutwa, nilishindwa. Nilikuwa nakula nainuka. Nazungumza na mgeni, nainuka. Mama yako akaniuliza kama nimepata ugonjwa wa mgongo.

Basi siku moja nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachonga kipande cha mgomba, nikakichomeka kwenye bomba la pili. Lile ambalo mtu haligusi. Nyumba ikawa kimya kabisa, na nilifurahi sana. Nilikaa kwenye kiti changu nikawaangalia samaki wanavyokwenda bila sauti yoyote, nikajiona nimemshinda hata Mgiriki.

Siku tatu baadaye ikawa siku ya shamba la kijiji. Wewe ulikuwa na homa, hukwenda shule, mama yako alikuwa ametangulia na wanawake wenzake. Nikiwa mlangoni na jembe begani ulinifuata. Ulisema, "Baba, maji yamepanda, yamepita alama." Ulikuwa umeweka alama yako mwenyewe kwenye kioo, kwa mkaa. Mimi sikugeuka hata kuangalia. Nilikuambia, "Usiguse kitu. Kaa uwalinde samaki wako." Nilikuwa nachelewa, na nilikuwa sitaki balozi wa nyumba kumi aniandike mchelewaji. Wewe ukasema, "Ndiyo baba."

Hukugusa kitu. Naandika hili mara ya pili ulisome vizuri. Niliyekuambia usiguse ni mimi, na hukugusa.

Maji yalipoanza kumwagika ulikimbia na homa yako mpaka shambani, na unajua mwenyewe kutoka hapa hadi kule ni mteremko na mlima. Nilikuwa nimesimama na mwenyekiti pamoja na bwana shamba aliyetoka wilayani. Ulifika unahema, ukasema, "Shikamooni." Tukaitikia marahaba. Kisha ukasimama pembeni, mikono nyuma, kimya, kwa sababu tulikufundisha mtoto hakatizi wazee wakiongea. Bwana shamba alikuwa anaeleza nafasi kati ya shimo na shimo. Nilikuona, Naelijwa. Niliona miguu yako imelowa mpaka magotini na siku ile haikunyesha hata tone. Nilikuinulia kiganja, yaani subiri, nikaendelea kutikisa kichwa kwa bwana shamba ili mwenyekiti aone ninavyoelewa.

Alipomaliza ndipo nikakuuliza, "Haya, kuna nini?"

Ukasema, "Maji yameingia kwenye mbegu."

"Mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea."

Nilikimbia. Nilifika nyumbani wa kwanza, nikafunga mlango nyuma yangu. Hapo ndipo ningeweza kuwa mtu mwema, na sikuwa. Magunia yamekaa ndani ya maji. Sikuyagusa kwanza. Nilikwenda kwenye tangi, nikachomoa kile kipande cha mgomba, kilikuwa kimevimba mpaka nikakitoa kwa bisibisi, nikakitia mfukoni mwa koti. Nikachungulia bomba la kwanza. Kulikuwa na konokono mdomoni mwake, konokono wa mfereji, mkubwa kama dole gumba. Nikamtoa, nikamtupa dirishani. Hayakuwa majani yako ya mchicha. Nimemwona konokono kwa macho yangu na nimemshika kwa vidole hivi. Ndipo nikafungua mlango na kuanza kuita watu waje kusaidia.

Mkutano ukaitwa jioni ile ile, pale kwenye msingi wa ghala. Mbegu nyingine tulizianika, lakini zilikwisha kunywa maji, na sote tulijua zitachipua gunia kwa gunia. Watu walikuwa na hasira ya haki. Siku zile neno hujuma lilikuwa midomoni mwa kila mtu, na mimi nilikuwa na tangi la Mgiriki sebuleni, juu ya mbao za kijiji, mbegu za watu zimelala chini. Nilijua mtu mmoja akiuliza habari za mbao, nimekwisha. Niliogopa.

Mwenyekiti akasema, "Fundi, tueleze."

Nikasimama nikasema, "Bomba lilizibika."

Kiswahili chetu kina adabu sana, mwanangu. Kikombe kilivunjika. Ng'ombe alipotea. Bomba lilizibika. Jambo linatokea na mtu hayupo. Nimelitumia neno lile maisha yangu yote ya kazi, mteja akiniuliza nampa hilo, na anaridhika. Lakini mwenyekiti yule hakuwa mtu wa kuridhika. Akauliza, "Lilizibwa na nani?"

Nikasema, "Watoto tena, mwenyekiti. Unawajua watoto."

Hata jina lako sikulitaja. Nilijipa moyo baadaye kwamba sikukutaja. Lakini nyumbani kwangu kulikuwa na mtoto mmoja tu, na watu wote walikugeukia. Ulikuwa umesimama kwa mama yako, umejifunika khanga yake. Mwenyekiti akakuuliza kwa upole, "Ni wewe, mama?" Wewe hukumwangalia yeye, uliniangalia mimi. Na mimi nikakuambia, "Sema tu, usiogope." Naisikia sauti yangu mpaka leo jinsi ilivyokuwa ya upole, sauti ya baba mzuri.

Ukasema, "Ndiyo. Nisameheni."

Tulipokuwa tunarudi ulinishika mkono, ukaniuliza, "Baba, nilizibia nini?" Hukuuliza kwa ujeuri. Ulikuwa unataka kujua. Ulikuwa unatafuta kichwani mwako ulichofanya na hukukiona. Mama yako alikuwa mbele yetu hakusikia. Nikakujibu, "Labda ni ile michicha yako." Ukasema, "Ah," na ukaniachia mkono. Usiku na mchana nimejiuliza kwa nini sikusema pale, tukiwa wawili, gizani, hakuna mkutano wala mwenyekiti. Jibu nililonalo halina heshima. Nilikuwa nimekwisha kupona na sikutaka kuugua tena.

Yaliyofuata unayajua. Watoto wenzako walikubandika jina la Kizibo. Wakubwa wakalichukua, kwa mzaha, kisha kwa mapenzi, na siku hizi hata mama mchungaji anakuita Kizibo na wewe unaitika unatabasamu. Mwaka ule tulipanda kwa mbegu za kuomba kijiji cha jirani, zimechelewa, mahindi yakawa mafupi, na mwenye uji mwepesi alikuwa anasema anakunywa uji wa Kizibo. Uliposikia hivyo uliacha kunywa uji. Mama yako akadhani ni homa. Tangi nililibomoa, vioo vikawa madirisha ya ghala, perege nikawatia ndivani. Mbao nikazirudisha kimya kimya, na mkutano uliofuata wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa kuwa wamepata funzo kwamba mabomba yanataka mtu mzima. Nilisimama nikashukuru.

Ukawa unakwenda ndivani kila ukitoka shule, kuwaangalia samaki. Walimu wakaja kuniambia una kichwa cha ajabu kwa mambo ya viumbe, hadi sasa serikali inakupeleka chuo cha uvuvi kule ziwani. Watu wananipongeza. Wanasema, fundi, uliipanda mbegu kwa lile tangi lako. Nami nimekuwa nikiwaitikia, ndiyo, ndiyo, tunamshukuru Mungu.

Lakini nimekuona pale kwenye bomba la kijiji. Miaka kumi hii hujafungua koki ile. Unafika na ndoo yako, unasimama, unasalimia, unasubiri mtu mwingine afungue, ndoo ikijaa unasubiri mtu afunge. Kama hakuna mtu unakwenda mferejini. Bomba lile nimelijenga mimi mwenyewe, unanipita nimekaa pale natia gundi, na mimi najitia hamnazo. Unafanya kwa ustadi mkubwa, sidhani kama kuna mwingine aliyegundua. Mimi niligundua tangu wiki ya kwanza.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nyuma ya jiko, nikakusikia unamwambia mama yako kwamba huko chuoni kuna mabwawa na mabomba, wanafunzi wana zamu, na kwamba utawaambia walimu mapema wasikupe zamu ya mabomba. Mama yako akauliza kwa nini. Ukacheka, ukasema, "Mama, mkono wangu na maji havipatani. Sitaki kuwaulia watu samaki wao."

Nimekuwa mtu mzima muda mrefu, nimezika baba na mama, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale nyuma ya jiko. Umepimwa, umefaulu, umeitwa, na unakwenda kuomba usipewe kazi uliyoitiwa. Na umelipata hilo kwangu.

Utauliza kwa nini sikusema miaka yote hii. Mwanzo niliogopa kijiji. Baadaye kijiji kilisahau nikamwogopa mama yako. Halafu ukakua, ukawa mtu wa kufikiri kabla ya kusema, unaniletea maji ya kunawa kwa mikono miwili, nikakuogopa wewe kuliko wote. Kila nilipotaka kusema nilijiambia mtoto ana mtihani, au ana homa, au yuko na furaha, nisimharibie. Unaona, hata uoga wangu niliupa sura ya kukuhurumia.

Alhamisi nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe ulinisikia namuita Kizibo kila siku." Tangu hapo hajazungumza nami isipokuwa kuniuliza kama chumvi inatosha. Ana haki. Nakueleza ili usishangae alivyoniacha mezani leo bila kuniaga.

Sina ushauri wa kukupa, mimi si wa kukushauri. Ila kwa habari ya mabomba nafahamu, na kwa hilo nisikilize kama fundi. Ukifika chuoni, siku ya kwanza, nenda kwenye koki ukaishike. Ifungue, ifunge, ifungue tena. Mkono wako haujawahi kuziba kitu. Uliweka alama ya mkaa kwenye kioo ukiwa na miaka tisa, hakuna aliyekufundisha, na kama ningeiangalia ile alama, mbegu zingepona. Wewe ndiye uliyekuwa fundi katika nyumba ile. Na ukikuta bwawa lina bomba moja la kutolea maji, waambie wasimamishe la pili, na mtu akilalamika kelele mwache alalamike.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafua, nilikwenda kwa mwenyekiti. Ni yule yule, sasa anatembea na fimbo. Nilimweleza yote, konokono, mgomba, mbao. Akasema, "Fundi, mambo ya miaka kumi. Nani anakumbuka?"

Nikamwambia, "Naelijwa anakumbuka."

"Wataichukua kamati ya maji."

"Waichukue."

Akaniangalia, akasema, "Mimi ndiye niliyemuuliza yule mtoto mbele ya watu. Nilimwamini baba yake." Kisha akamtuma mtu kupita nyumba kwa nyumba. Mkutano ni kesho saa moja asubuhi, mbele ya ghala, kabla gari halijashuka Same. Nilimwomba mkutano uwe mapema kwa sababu nataka useme kwaheri kwa watu wanaojua.

Najua sikukuuliza kama unataka. Kama hutaki kusimama tena mbele ya watu wale, mwambie mama yako, wala usinieleze sababu. Utabaki nyumbani ukifunga mizigo. Lakini mkutano utakuwepo, na mimi nitasimama. Barua hii namwachia mama yako hapa mezani, akupe mkirudi. Mimi nitakuwa kwa mwenyekiti mpaka utakapokuwa umeisoma, usije ukalazimika kuniangalia usoni upesi.

Siombi unisamehe kesho. Uende, ukasome, ukae huko na jambo hili uone linakaaje, na kama itakuchukua miaka kumi, ni yako, ichukue. Ninaomba kitu kimoja tu, kama utakuja. Simama mbele, karibu nami. Nina miaka hamsini na ulimi wangu una mazoea yake, na watu watakuwa wengi, na mwenyekiti ataniuliza tena. Ukinisikia nasema lilizibika, usingoje nimalize. Nikatize hapo hapo, kwa sauti, mbele ya wazee wote.

Ni mimi,
baba yako